Endarasha Anaitwa Nani?

Pale Gatitu, kando ya barabara ya kuingia mjini Nyeri, kuna ubao mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Beth. Beth huuza kahawa na maandazi kuanzia asubuhi, baridi ya mlima ikiwa bado inauma masikio, na sisi ndio wenye ubao. Kuna Wakili, ambaye hakusomea sheria popote ila huwapigia watu chapa hati za kiapo chini ya mwavuli nje ya mahakama. Kuna Injinia, fundi wa simu na redio. Mimi huitwa Seneta kwa sababu niligombea uenyekiti wa josho la ng'ombe nikapata kura nne. Na kuna Endarasha, mzee mrefu, mpole, muuza miche ya parachichi, anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Siku aliyofika hapa, miaka kumi na miwili iliyopita, tulimuuliza ametoka wapi, akasema Endarasha. Tukamwita hivyo, mambo yakaishia hapo. Basi Jumatatu alianguka kutoka juu ya mparachichi wa watu, akavunjika mguu, pikapu ikambeba mpaka hospitali kubwa ya mjini. Jumatano tukaenda kumwona. Alhamisi asubuhi tulikuwa tumeketi kwenye ubao kama watu walionyeshewa.

— Mbona hotpoti imerudi na chakula? Beth akauliza. Kwani amekataa githeri yangu?

— Hatukumwona, nikasema.

— Aje?

— Pale mlangoni kuna msichana na kompyuta. Ameniuliza, mgonjwa anaitwa nani? Nikamwambia, Endarasha.

— Akasema?

— Ati gari za Endarasha ziko stage ya chini.

Injinia akainamia kikombe chake. Wakili hakuinama, Wakili hainamagi.

— Tulimwambia ni mzee mrefu, akasema. Akatuuliza kama kompyuta iko na mahali pa kuandika urefu. Mimi nikaona huyo msichana hajui sheria.

— Wee, Beth akasema. Miaka kumi na mbili mnakunywa na mtu na hamjui jina yake?

— Na wewe unajua?

Beth akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

— Watu watulie, Wakili akasema. Kila mtu hii Kenya ako na rekodi. Kuna rejista ya wapiga kura, kuna rejista ya mashamba, kuna gazeti ya serikali. Jina liko mahali limeketi, linatungoja.

— Ya wapiga kura nilijaribu jana na simu, Injinia akasema. Inataka namba ya kitambulisho.

— Si uweke!

— Wakili, kama ningekuwa na kitambulisho yake, si ningesoma jina hapo?

— Basi twende ofisi ya ardhi. Tunalipia search, tunaona mwenye shamba.

— Shamba gani? Miche yake iko ndani ya mikebe ya rangi.

— Mikebe iko juu ya nini?

— Juu ya ardhi ya barabara.

Wakili akafikiri. Akasema kwamba kwa maana fulani Endarasha basi ni mali ya wizara ya barabara.

— Na mwenye nyumba anayopanga? Beth akauliza.

— Nilimpigia, nikasema. Ako Mwea kwa mchele. Akaangalia kitabu yake. Ameandika "Rumu Nne." Nikamuuliza, na ukikutana na yeye kwa njia unamwita aje? Akasema, Rumu Nne.

— Kanisani wanamjua, Beth akasema. Kila Jumapili ndiye hupanga viti.

— Umeuliza katibu?

— Nimeuliza. Kwa rejista yao ni Mzee wa Viti.

Injinia akasema yeye amefika hata kwa chifu. Chifu alimpokea vizuri, akamwambia atatoa barua ya kumtambulisha mgonjwa, yenye mhuri na kila kitu. Injinia akashukuru mpaka akavua kofia. Chifu akachukua kalamu, akauliza: "Jina?"

Wakili akashusha sauti.

— Mniskize. Mtu akiishi mahali miaka kumi na mbili na asipatikane kwa rekodi yoyote, si ati rekodi haiko. Rekodi imetolewa.

— Na nani?

— Na wenye kutoa.

— Mimi nilishuku, Injinia akasema. Mnakumbuka vile alijua mvua itanyesha siku ya harusi ya Kingori? Radio ilisema jua. Yeye akasema mvua. Nani alimwambia?

— Goti yake humwuma, Beth akasema.

— Hivyo ndivyo anasemanga. Goti gani linashinda setilaiti?

Lazima nikiri kwamba hapo na mimi nilishikwa. Nikawakumbusha kwamba Endarasha hajawahi kupigwa picha. Kila tukipiga picha hapa kijiweni, yeye ndiye hushika simu. Injinia akapiga paja. Akasema basi kumebaki njia moja, alama za vidole. Tuchukue kikombe cha Endarasha, tukifunge kwa nailoni, tukipeleke Nairobi kwa wapelelezi.

— Hiyo kikombe nimeosha mara tisa tangu Jumatatu, Beth akasema.

— Ulitumia sabuni?

— Injinia, nitakuchoma na hii kahawa.

Wakili alikuwa ameshatoa karatasi na anaandika. Akatusomea kwa sauti ya mahakamani: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaapa ya kwamba mtu huyu tunamjua kabisa, tabia yake na mwendo wake, isipokuwa jina." Injinia akatia sahihi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu Beth alipoinyakua na kuitupa ndani ya ndoo ya maji ya kuoshea vikombe.

— Leo ni siku ya nne, akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Mtu amelala pale na mguu umevunjika. Hakuna mtu amempelekea hata uji. Hapa hana bibi, hana mtoto. Ako na nyinyi tu. Na nyinyi mnaongea setilaiti.

Niliona aibu iliyonipanda mpaka shingoni. Niliwaza vile mzee anageuza kichwa kila mlango wa wadi ukifunguliwa, anaona ni watu wa kitanda kingine.

Wakati huo akaja Murugi, msichana aliyefungua saluni ng'ambo ya barabara wiki hiyo hiyo, na chupa yake ya chai mkononi. Akatusalimia, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza nani amekufa. Beth akamweleza yote. Murugi akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwani hamna namba yake ya simu?

— Niko nayo, Injinia akasema. Imezimwa. Na nimeisevu Endarasha.

— Si ujifanye unamtumia shilingi kumi na M-Pesa? Kabla hujabonyeza mwisho, itakuonyesha jina.

Lori la mawe lilipita. Likaenda likapotea kule kwenye kona, na sisi bado tunamwangalia Murugi. Injinia, mtu anayelisha watoto wake kwa kufungua simu za watu, aligeuka rangi. Akatoa simu polepole, akabonyeza. Sote tukainama juu ya kile kioo kilichopasuka.

— Soma, nikasema.

— Valentine, akasoma Injinia.

— Umekosea namba.

— Sijakosea. Valentine Mworia.

— Mworia? Beth akasema. Hiyo si jina ya Kimeru?

Hapo tukaangaliana vingine kabisa. Kwa sababu sisi wengine wote ni Wakikuyu, na hadithi tunazopenda zaidi hapa kijiweni ni za kuwacheka Wameru. Ile ya Mmeru na saa ya ukutani. Ile ya Mmeru aliyemkasirikia mbuzi. Tumezisimulia miaka kumi na miwili, yeye akiwa katikati yetu, anacheka na kufuta macho.

— Ulimwambia ile ya mbuzi mara ngapi? Wakili akaniuliza.

— Wewe ndiye ulikuwa unaniambia niirudie!

Saa sita na nusu tulikuwa hospitalini, Beth mbele na hotpoti, kibanda amemwachia Murugi. Yule msichana wa kompyuta alipata jina mara moja, akatuelekeza wadi. Mlangoni kulikuwa na nesi mnene mwenye miwani na kitabu cha wageni.

— Valentine Mworia? akasema. Huyo hajawahi kupata mgeni. Nyinyi ni nani wake?

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Injinia akaangalia viatu vyake. Mimi nilitafuta neno. Jirani? Hatukai ploti moja. Ndugu? Jina lake nimelijua asubuhi hii. Rafiki? Rafiki gani anakuja siku ya nne? Nesi alingoja, kalamu hewani. Hata Beth alikuwa amekwama.

— Sista! sauti ikatoka kitanda cha tatu. Hao ni wangu! Waache waingie!

Tukaingia mbio. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa na plasta nyeupe, ndevu zimemea, macho yamemjaa maji lakini anajifanya ni kikohozi. Beth akafungua hotpoti bila kusema kitu. Mzee akala nusu yake kabla ya kutuangalia tena.

— Pole, Mworia, nikasema.

Akaacha kutafuna.

— Mmejua?

— Na Valentine pia tumejua, Wakili akasema, na akashindwa kujizuia, akacheka mpaka nesi akamtolea jicho.

— Nilizaliwa tarehe kumi na nne Februari. Padri hakujisumbua.

— Na mbona ulituambia unatoka Endarasha?

— Mliniuliza nimetoka wapi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka Endarasha, nikashuka na lori ya viazi. Kwetu ni Nkubu, kule Meru. Hakuna mtu aliniuliza tena.

Nikakohoa. Nikamwambia kuhusu zile hadithi zetu, kwamba hatukujua, kwamba tungejua tusingesimulia, angalau si ile ya mbuzi.

— Ile ya mbuzi ni ya mjomba wangu, akasema. Na huwa unaiharibu mwisho.

Akafuta mdomo. Akajivuta juu kwenye mto, akaangalia huku na huku kuhakikisha kitanda cha pili na cha nne wanasikia.

— Sasa kaeni chini, akasema. Kuna Mkikuyu mmoja alikuwa anaenda kununua jeneza.

Alisimulia mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Wadi nzima ilicheka, hata yule kijana aliyefungwa taya kwa waya, ambaye daktari alikuwa amemkataza. Sisi wanaume watatu tuliketi kwenye ukingo wa kitanda kama watoto wa shule. Hatukuthubutu kumkatiza, na ile ya jeneza, kusema kweli, ilikuwa nzuri.