Mpayukaji wa Kiti cha Nyuma

Mwaka sabini na nne, kabla basi halijavuka Nyahanga, sote tulishajua kuwa bwana wa kiti cha nyuma anaitwa Maduhu na mkewe amerudi kwao Masumbwe.

"Baba, wewe ni mpayukaji," mama aliyeketi naye alilalamika.

"Mpayukaji hupiga kelele bila sababu," Maduhu alijibu. "Mimi mama mkwe wangu yuko kiti cha mbele, na mila hainiruhusu kumsogelea. Nifanyeje?" Akavuta pumzi, nami nikaziba sikio. "Nimekosa! Nyumba imepoa!"

"Bado ni mpayukaji," mama alisema, safari hii kwa upole.

Masumbwe, bibi mmoja alishuka bila kugeuka nyuma. "Kondakta," alisema, "mwambie huyo mpayukaji naye ashuke. Mkewe ameshapika."