Manjano Juu ya Taa ya Buluu

Assalaamu alaykum, dada zangu wa kikundi hiki cha wajane. Sitainamisha kichwa nikiwasimulia.

Mume wangu alifariki tarehe 5 Februari 1990. Nilivaa nyeupe za eda hadi tarehe 13 Juni. Nanyi mnayajua maji ya Tana: nguo nyeupe huingia manjano, nawe hutia buluu ya kufulia mpaka weupe urudi. Likumbukeni jambo hilo.

Januari 1991, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, niliingia darasa la ngumbaru. Wakwe wakauliza, "Mjane akishika kalamu, nani atamwoa?" Nikawajibu kwamba sikuishika kalamu initafutie mume. Septemba 1997 nikaajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya wasichana hapa Garissa.

Mwalimu wa kemia alikuwa na vitaa viwili vya buluu, vidogo kama punje za mahindi, vinavyowashwa kwa betri za tochi. Alitafuta unga wa kuvipaka, unaopokea mwanga wa buluu na kuutoa kwa rangi nyingine, ili jicho lione mwanga mweupe. Alijaribu kila unga mweupe aliouweza kuupata. Mimi nikisaga na kuosha vyombo. Buluu ikabaki buluu.

Tarehe 9 Machi 1998, mbele ya walimu, nikasema, "Mwalimu, jaribu manjano."

"Ya pilau?" akauliza mmoja wao.

"Hiyo hiyo."

"Mama, hapa ni maabara, Idd bado!"

Wakacheka. Hata mwalimu wa kemia alicheka. Nikaweka funguo za maabara mezani, nikaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: hapo nilianguka. Kwa siku kumi na moja sikuvuka kizingiti, nikiamini kwamba wakwe walisema kweli, kalamu si ya mjane. Ndipo jirani yangu, yule aliyenifulia wakati wa eda, akaingia bila hodi.

"Abaayo, dada yangu, umefiwa tena?"

Nikamweleza yote.

"Hao wamewahi kufua nyeupe?"

"Sidhani."

"Basi wamejuaje kwamba umekosea?"

Jumatatu, tarehe 23 Machi, nilirudi kuzichukua funguo zangu. Niliyeyusha manjano katika spiriti, pamoja na ubani ili ishike, nikakidondoshea kitaa kimoja, nikangoja kikauke. Nikawaambia wale walimu waliocheka, "Nguo ya manjano hutiwa buluu. Taa hii ni ya buluu." Nikaiwasha.

Ilikuwa nyeupe! Maabara ikanukia ubani, na mistari ya kiganja changu ikaonekana wazi.

Yule wa Idd akanong'ona, "Mama, umetia nini?"

"Pilau."

Siku ya tisa weupe ulififia, maana rangi ya mmea huchoka kwa mwanga. Wengine wakafurahi. Lakini mwalimu wa kemia aliniomba radhi mbele yao, kisha akaacha kutafuta unga mweupe. Tarehe 14 Oktoba alileta unga wa manjano wa madini, uliochomwa katika tanuru la chuo kimoja Nairobi. Tulikipaka kitaa cha pili pamoja.

Hiki hapa mkononi mwangu. Leo ni mwaka mzima, na bado ni cheupe. Kipitisheni, kila mmoja akitazame.

Namshukuru Mungu, namshukuru mwalimu aliyekubali kusahihishwa, na zaidi jirani yangu, aliyeketi pale nyuma akijifanya hanisikii. Nanyi dada zangu, jambo mlilolijua kwa mikono yenu, lisemeni mara ya pili. Wakicheka, wacheke. Funguo msiziache mezani.