Kurasa Arobaini na Sita za Ilango

Huku kwetu Madurai, kusini mwa India, nyuma ya jengo la ofisi za kompyuta, lipo benchi la ubao mbele ya banda la kahawa la Karuppiah. Benchi hilo limewahi kuchagua timu ya taifa ya kriketi, kuangusha serikali na kuvunja uchumba mmoja, yote kabla ya saa tano asubuhi. Wenyewe ni watatu, wote wa ofisi moja. Ilangovan, au Ilango kwa kifupi, huitwa Gombo, kwa sababu hajawahi kuandika waraka wenye kurasa chini ya arobaini. Selvam, mjaribu programu, huitwa Kunguni, kwa kuwa hung'ata palipojificha. Pandiarajan, anayeziunda hizo programu, huitwa Kesho Asubuhi, maana kila kazi yake huisha muda huo. Walikuwa wakitengeneza programu ya simu: mkulima anapiga picha ya kikapu cha asmini, akili mnemba inamwambia maua yake ni ya daraja gani. Ilango ndiye aliyeandika mahitaji, yaani programu ifanye nini na ifanye vipi. Jumanne jioni bosi aliweka kando kurasa zake arobaini na sita, akachukua nusu ukurasa wa Thenmozhi, binti aliyekuwa akipokea simu za wateja, na akampa uongozi wa kazi hiyo.

Jumatano Ilango aliwahi kijiweni kuliko wote. Usingizi haukumjia. Kila alipofumba macho aliiona ile karatasi ya Thenmozhi, imekunjwa mara mbili kama risiti ya dobi.

— Gombo anna, kaka mkubwa, kunywa basi, — Kunguni akamsogezea bilauri. — Kahawa haina kosa.

— Nusu ukurasa! — Ilango akafoka. — Mimi miezi minne naandika, kaka yenu, mpaka mke wangu ananiita mpangaji. Yeye nusu ukurasa!

— Haraka haraka haina baraka, — akasema Kesho Asubuhi.

— Wewe nyamaza, — Ilango akamkatiza, — methali hiyo umeifanya kazi ya kuajiriwa.

— Nasema ukweli! Yule ni mpwa wa mke wa bosi. Tazama pua zao.

— Bosi ni wa Salem, mji mwingine kabisa, binti wa hapahapa, — akapinga Kunguni.

— Kwani pua haipandi basi?

Kunguni akacheka hadi akamwagikiwa kahawa. Kisha akashusha sauti.

— Pua siyo. Ile karatasi imeandikwa na mashine. Binti kauliza mashine, mashine kaijibia mashine mwenzake. Wanajuana wale.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — akadakia Kesho Asubuhi. — Na mimi nilimwona kainama chini ya meza ya bosi.

— Lini?

— Wiki jana. Alikuwa anachomeka chaja.

Ilango hakucheka. Wivu ulikuwa umemkaa kifuani kama tonge la wali lisilotaka kushuka. Mbaya zaidi, alikuwa ameisoma karatasi yenyewe mara tano, akitafuta pa kuicheka.

— Mnajua kaandika nini? — akasema. — Picha mia tatu. Wapanga maua watatu wazitazame, kila mmoja peke yake. Programu ikubaliane nao kwenye picha mia mbili na sabini, isipungue hata moja. Na ikiwa haina hakika, iseme "sijui, muulize mpanga maua". Mashine iseme sijui! Tumelipiwa shule na wazazi ili tutengeneze kitu kinachosema sijui?

— Aibu, — akasema Kunguni, lakini kwa sauti ndogo.

— Ni ile asmini, — Kesho Asubuhi akapiga paja. — Kila siku anakuja na kamba nzima ya maua kichwani. Harufu inaingia puani mwa bosi, inapanda ubongoni, mtu anasaini chochote. Babu yangu aliuza shamba hivyohivyo.

— Chema chajiuza, — Ilango akaupiga kofi waraka wake mapajani.

— Sasa mbona hakijauzwa, anna? — akauliza Kesho Asubuhi.

Kunguni akakuna shingo.

— Usinune, nikwambie kitu. Mimi nilijaribu programu kwa waraka wako, nikaandika imefaulu. Mwenzangu akajaribu kwa waraka huohuo, akaandika imefeli. Bosi akatuita. Kila mmoja akaonyesha ukurasa wa tisa.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungenipa kurasa kumi za maelezo.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, kikapu kiunoni, vidole vimechakaa kwa nyuzi za mgomba. Akauliza kama ofisi ya programu ya maua ndiyo hiyo. Ameitwa na Thenmozhi akatazame picha. Jina lake Vellaithai, miaka thelathini anasuka mashada. Karuppiah akampa nafasi mwisho wa benchi.

Ilango akaona shahidi kaletwa na Mungu.

— Mama, wewe ndiye mtaalamu. Sikiliza, uamue. — Akafungua ukurasa wa tisa, akasoma kwa sauti ya redioni: — "Programu itambue asmini nzuri kwa usahihi wa hali ya juu, kwa wepesi na kwa werevu." Kuna kasoro hapo?

Vellaithai akafikiri.

— Nzuri saa ngapi, thambi, mdogo wangu?

— Saa ngapi kivipi?

— Ua la shada la jioni, asubuhi hii lazima liwe limefumba. La kusafiri kwa basi hadi kesho, lifumbe zaidi, na shingo iwe ya kijani. Wa manukato wanataka lililokwisha kufunguka. Hayo mengine wanayatupa. Nzuri yako wewe ni ipi?

Ilango akafunua ukurasa wa kumi. Akafunua wa kumi na moja. Kunguni akatazama barabara. Kesho Asubuhi akanywa kutoka kwenye bilauri tupu.

Thenmozhi akaja mbio kutoka getini, akampokea mama kikapu, akawasalimu wote.

— Ilango anna, njoo nawe. Kuna mengi kwenye waraka wako sikuyajua.

Angemdhihaki ingekuwa rahisi. Heshima ile ilimchoma kuliko matusi.

— Nitakuja, — akasema, na hakuinuka.

Wakaondoka, yule mama akieleza kitu kwa mikono, binti akiandika huku anatembea. Ilango aliwatazama mpaka mlango ukafungwa. Alitamani kuwa ndani. Alitamani, zaidi ya cheo, kuwa yeye ndiye aliyefikiria kumwita yule mama.

Mwishowe akafunga waraka wake.

— Hivi, — akauliza, — soko la maua linafunguliwa saa ngapi?

Kunguni akamwangalia Kesho Asubuhi. Kesho Asubuhi akamwangalia Kunguni. Miezi minne ya programu ya maua, na kati yao hakuna aliyewahi kukanyaga huko. Karuppiah alijua, lakini hakuna aliyemuuliza; alikuwa kajiinamia nyuma ya banda akisuuza sufuria.

— Kahawa imekwisha, — akasema bila kugeuka.