Amri ya Mwisho ya Sajini Roscoe Tibbs

Sajini Roscoe Lemuel Tibbs, baba yetu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 mtaani Deanwood, Washington, akiwa kitinda mimba wa Bibi Odessa Tibbs.

Alihitimu shule ya ufundi mwaka 1964, akawa fundi wa mabasi. Mwaka uliofuata alijiunga na askari wa akiba wa mji huu, akatumikia miaka ishirini na minane. Tulipomuuliza bosi wake ni nani, alipanga vitu mezani: chumvi jenerali, siki waziri, jagi la chai rais.

“Na meya, Baba?”

Akachomoa kijiti cha meno. “Huyu hapa. Majimbo yana magavana wa kuamuru askari wao; mji huu si jimbo. Sisi tunaomba.”

Tarehe 14 Juni 1970 alimuoa Vernell Gaskins katika kanisa hili hili.

Agosti 1978 kijito chetu kilifurika. Baba alikuwa kambini, malori yakinguruma, ombi la meya la kuwatoa askari likipanda ngazi, kwa jenerali hadi kwa waziri, ng’ambo ya mto. Alijua kwamba mama yake amesimama juu ya meza ya jikoni, maji yakizidi kupanda. Hakuliondoa lori. Jirani yetu, Mzee Cephas Yancey, ndiye aliyemtoa Bibi, akambeba mgongoni. Ruhusa ilipofika, Bibi alikuwa kwa Yancey anakunywa supu.

“Roscoe,” alimwambia mwanawe, “Cephas kamuomba nani ruhusa?”

Swali hilo lilimchoma Baba mpaka uzeeni. Mara moja tu alituambia, “Lori la askari likijiendea litakapo, hata kwa nia njema, kesho litakwenda kwa nia mbaya.” Tuliona kuwa jibu lenyewe halikumtosha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023. Wiki moja kabla ya hapo askari wenzake wa zamani walikuja kupanga naye mazishi, wakamuuliza nani atatoa amri ya kuinua jeneza.

“Vernell,” alisema. “Juu yake hakuna mtu. Mkiniinua kabla hajasema, nitashuka niwapange foleni upya.”

Ameacha mjane, Vernell, mwanawe Lucius, mimi bintiye Opal, ninayesoma wasifu huu, wajukuu watano, na Mzee Yancey, ambaye leo ameketi na wafiwa, kwa kuwa ni wetu.

Wabebaji wameshasimama, Mama. Safari hii ngazi ni moja tu, na ni wewe. Ukisema, tutamwinua, naye apumzike kwa amani.