Bi. Nailantei na Skrini Aliyoifunga Mwenyewe

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi. Nailantei Metito anastaafu tarehe 30 Novemba. Tulidhani hiyo ndiyo habari ya kutushtua. Kumbe bado.

Madam, kama tunavyomwita, ndiye mwandishi wa kwanza wa programu katika ofisi yetu ya Noonkopir, enzi ambazo sote tulitosha meza moja. Ndiye aliyeunda programu ambayo wachanjaji wa Kajiado husajilia mifugo. Ng'ombe asiyesajiliwa hauzwi wakati wa karantini, kwa hivyo kosa dogo ofisini kwetu ni njaa bomani kwa mtu.

Hapo mwanzo, tableti ikigeuzwa upande tu, ukurasa ulianza upya na kila kilichoandikwa kikapotea. Madam akatia mstari mmoja wa msimbo wa programu, wa kulazimisha skrini ibaki wima, hata ukigeuza kifaa vipi. Juu yake akaandika: "Usiguse." Nani aguse? Aliyethubutu kuuliza aliangaliwa hadi chai yake ikapoa. Munguti, mchanjaji wetu wa Mashuuru, alilalamika kila mwaka kuwa shingo inamuuma. Akaambiwa abadilishe mto.

Mwezi jana Madam alienda Mashuuru kuaga. Akamkuta Munguti kwenye krashi, ile njia nyembamba ya mbao ng'ombe wanapochanjwa. Tableti ilikuwa imefungwa ubaoni kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tairi, imelazwa upande, maana ikisimamishwa, teke moja la ndama linaiangusha. Maandishi nayo yamelala, na Munguti anasoma shingo upande, sindano mkononi. Siku hiyo hiyo Mzee Seleyian alikuwa amekataliwa sokoni pamoja na fahali wake, kwa kuwa nambari ya hereni ya sikioni iliingizwa vibaya. Fahali huyo ndiye aliyekuwa wa kumpeleka binti yake chuoni.

Tulijua atautetea mstari wake. Amewahi kuutetea mbele ya mkurugenzi, na mkurugenzi akaomba radhi. Lakini Jumatatu aliingia, akasimama katikati ya ofisi, akasema amekosea, na kwamba Munguti alisema kweli miaka yote hiyo. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akitamka neno "nimekosea." Mimi Wamaitha nilishika meza.

Likizo yake ya mwisho akaiacha. Aliandika ukurasa upya ili ukigeuzwa uhifadhi kilichoandikwa, kisha akaufuta ule mstari kwa mkono wake. Rekodi ya Mzee Seleyian ilirekebishwa, na Alhamisi iliyopita fahali akapita sokoni. Munguti anatuma salamu. Anasema shingo imenyooka, ila mto bado hajaletewa.

Madam, umetushtua kwa kuondoka, ukatushtua zaidi kwa namna ulivyoondoka. Asante kwa kazi, na hata kwa yale macho. Nenda Loitokitok ukalime nyanya zako kwa amani, Mungu akuongezee afya na miaka.

Jana nilifungua msimbo kutafuta ile "Usiguse." Haipo. Mahali pake umeacha maneno haya: "Mkiona inamuumiza mtu, iguseni."