Ujumbe wa Tarehe Tisa Novemba: Maisha ya Papa Mathieu Mwenze Kabulo (1950–2018)

Wapendwa wa familia, wachungaji, majirani wa Matonge hapa Brussels, na ninyi mliopanda treni asubuhi hii kutoka Liège na Antwerpen: mimi ni Keren, mtoto wa pili wa marehemu. Papa alinipa kazi hii yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, na aliweka sharti moja. "Keren, usinipake sukari. Ile habari ya mwaka wa grippe, uisome yote. Kama utairuka, afazali usisome kitu." Basi mnivumilie pale sauti itakapokatika.

Papa Mathieu alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 11 Machi 1950, mtoto wa tatu kati ya saba wa Papa Léonard Kabulo, fundi wa mitambo migodini, na Maman Astrid Ngoie. Alikulia katika kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo king'ora cha mgodi ndicho kilichokuwa saa ya kila nyumba. Alisema kwamba mama yake hakuwahi kununua saa maisha yake yote na hakuwahi kuchelewa misa.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Likasi, kisha akaenda shule ya ufundi Lubumbashi, alikomaliza mwaka 1971. Huko ndiko padri mkuu alimpa redio iliyonyamaza aitengeneze. Papa aliifungua, akaisafisha, akaifunga, na skrubu tatu zikabaki mkononi mwake. Redio ikasema vizuri kuliko zamani. Alizirudisha skrubu kwa padri katika bahasha, akamwambia, "Mon père, hizi hazikuwa na kazi." Padri alicheka hadi akakaa chini.

Kuanzia mwaka 1972 alikuwa fundi wa simu Lubumbashi, kazi aliyoifanya karibu miaka ishirini. Ni kazi hiyo iliyompa mke. Maman Victorine Mujinga alikuwa opereta wa simu Kolwezi. Kwa miezi saba walijaribu laini za simu pamoja kila asubuhi bila kuonana sura. Papa alipopanda treni kwenda kumwona, alishuka Kolwezi akiwa hajui amtafute nani, akasimama tu kwenye jukwaa la stesheni na kusikiliza, mpaka alipoisikia sauti ile ikimuuliza mtu habari za nyumbani. Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1978. Mungu aliwapa watoto watatu.

Baada ya uporaji wa askari mwaka 1991 familia ilipoteza karibu kila kitu. Papa alifika Brussels Septemba 1992, sisi tukamfuata baada ya miaka miwili. Alisafisha ofisi, alipakia mizigo, na mwaka 2001 alifungua duka lake la simu Matonge, akaliita Allô Likasi: vyumba sita vya simu vyenye milango ya vioo, na baadaye kompyuta nne. Wengi wenu hapa mmelia ndani ya vyumba vile. Mmesikia habari za misiba mkiwa cabine trois, chumba cha tatu, na Papa akawaletea kiti. Alijua namba za mama zenu kwa moyo. Kwa hiyo watu walimwamini, na hapo ndipo habari ninayopaswa kusoma inapoanzia.

Mwaka 2009 ilikuja ile grippe mpya, mafua ya nguruwe. Vijana pengine hawaikumbuki, lakini sisi tuliokuwa dukani tunaikumbuka. Televisheni ilikuwa juu ya mlango, na tangu asubuhi ilionyesha watu wenye barakoa viwanja vya ndege, na namba za wafu nchi kwa nchi. Wateja walianza kufunika simu kwa leso kabla ya kuongea. Mtu akikohoa ndani ya chumba, waliokuwa wanangoja walitoka nje, wakasimama barabarani hata kama mvua inanyesha. Papa alipangusa kila mkono wa simu kwa alkoholi, kila kibonye cha kompyuta, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Nyumbani hakula tena na sisi. Alikula akisoma: kompyuta mbele yake, simu pembeni, na kila simu ilipotetemeka alishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake gizani. Maman alimwambia, "Mathieu, zima hivyo vitu." Alijibu, "Nikizima, nitajuaje kama inakuja?"

Jumatatu tarehe 9 Novemba 2009 alipokea ujumbe kutoka kwa mwenzake wa zamani wa kazi, mtu mzima, mtu wa heshima, aliyeishi Paris. Ujumbe ulisema: *Sindano ya grippe inaua mimba. Wanawake wajawazito wasikubali. Peleka kwa wote unaowapenda.* Kompyuta ya dukani ilikuwa na programu ya kutuma SMS kwa wateja wote kwa wakati mmoja. Papa aliitumia kuwatakia watu Noeli njema. Siku ile aliweka ujumbe ule, akaongeza chini: *Ni mimi Papa Mathieu, muwe waangalifu.* Akabonyeza. Watu zaidi ya mia nne waliupata kabla ya saa sita mchana.

Jioni alimweleza Maman. Maman aliacha kukoroga sufuria. "Mbele ya kutuma, uliuliza nani?"

"Mutu wa maana ndiye alinitumia."

"Na yeye, aliuliza nani?"

Papa alirudi mezani kwenye kompyuta yake. Alisema baadaye kwamba alikasirika kwa sababu swali lilikuwa rahisi.

Kati ya wale mia nne alikuwemo Riziki, ambaye leo yuko nasi safu ya tatu, na ambaye ameniruhusu kumtaja. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, miaka ishirini na sita, msafishaji wa ofisi katika maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord. Mwezi wa tano mwaka ule alikuwa amekwenda Bujumbura kuolewa na Hamadi, akarudi na mimba. Hamadi alibaki kule akingoja karatasi za safari. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Riziki alikuja dukani, akakaa kompyuta ya pili, akavaa spika za masikio, na kuongea na mumewe kwa Skype. Daktari wake alikuwa amempangia sindano Alhamisi tarehe 12 Novemba.

Jumamosi tarehe 28 Novemba Riziki hakuja. Saa nne kompyuta ya pili ilianza kuita. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Papa alipokea, na uso wa Hamadi ukatokea ukiwa umekatika vipande vipande.

"Papa Mathieu, Riziki iko wapi? Simu yake inaita tu toka jana."

"Sijamuona, mwanangu. Bon, ngoja. Minaenda sasa hivi."

Papa alinikabidhi funguo za duka, akachukua basi. Riziki aliishi chumba kimoja ghorofa ya nne, nyuma ya stesheni. Jirani alimfungulia mlango wa chini. Alimkuta amekaa kitandani kwa sababu hakuweza kulala, midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu, na kila pumzi ilitoka na sauti ya kitu kinachovutwa sakafuni. Papa alipiga namba ya ambulensi. Wakati wanangoja, alimuuliza, "Mwanangu, ile sindano ulipata?"

Riziki alimtazama kwa mshangao. Aliongea neno moja moja. "Papa, sikuenda. Si wewe ulisema?"

Papa alishuka ngazi zile nyuma ya machela akiwa ameshika viatu vya Riziki mkononi. Aliniambia kwamba hakumbuki kuvichukua.

Jumanne, grippe ikiwa imemjaa mapafuni, walimlaza Riziki usingizi wa dawa, mashine ikimpumulia. Alhamisi tarehe 3 Desemba, madaktari walimtoa mtoto kwa upasuaji, miezi miwili kabla ya wakati, msichana wa kilo moja na gramu mia tatu. Papa aliruhusiwa kumwona kupitia kioo. Alipiga picha kwa simu yake, na picha sita za kwanza hazikuonyesha kitu.

Alimuuliza daktari kama sindano ingemwokoa. Daktari alikuwa mtu mkweli, akasema hakuna awezaye kujua kwa mtu mmoja, lakini sindano hutolewa kwa sababu hiyo. Papa alishika nusu ya pili tu ya jibu lile.

Siku iliyofuata Hamadi aliita. Papa alimwonyesha picha. Hamadi alilia, akashukuru Mungu, akamshukuru Papa kwa kufika nyumbani kwa mkewe. Kisha akauliza, "Lakini daktari alimupatia siku ya sindano. Nani alimukataza?"

Nilikuwepo. Niliona Papa akitazama ubao wa vibonye. Angeweza kusema, ni uvumi tu, watu walisema. Nilitamani aseme hivyo.

"Ni mimi, Hamadi. Nilituma message. Nilituma kwa batu wote."

Picha ya Hamadi ilisimama, mkono wake ukiwa mdomoni. Hatukujua kama ni laini iliyokatika au ni yeye aliyekata. Papa alikaa mbele ya ule uso usiotikisika mpaka kompyuta ikazima kioo yenyewe.

Siku mbili Hamadi hakuita. Papa hakula. Kila mlio wa Skype, hata wa mteja mwingine, ulimwinua kwenye kiti. Siku ya tatu Hamadi alirudi, akasema bila salamu, "Papa Mathieu, mimi sina macho mengine kule. Unapashwa kuenda hospitali kila siku na uniambie kweli. Ile ingine tutaiongea nikifika."

"Nitaenda," Papa alisema.

Siku ile ile alituma SMS ya pili kwa wale wale mia nne: *Mimi Mathieu Mwenze. Ujumbe wangu wa tarehe tisa ni uongo. Sikumuuliza daktari hata mmoja. Dada yetu yuko réanimation, chumba cha mahututi. Waulizeni madaktari wenu.* Majibu yalikuja haraka. Mmoja aliandika, *Papa, nani amekutisha?* Mwingine, *Wamekununua na wewe.* Ujumbe wa kwanza ulikuwa umekimbia mbali kuliko wa pili ungeweza kufika. Tarehe 15 Desemba ulimrudia, umetumwa na binamu yake wa Lubumbashi, na chini bado kulikuwa na maneno: *Ni mimi Papa Mathieu.*

Kwa hiyo alifunga duka mchana na kwenda kwa miguu. Alipiga kengele za watu mtaa wote wa Ixelles, nyumba alizojua zina mwanamke mwenye mimba. Watu walijua anatoka hospitali, wakaogopa. Wengine waliongea naye kwa parlophone tu, ile simu ya mlangoni. "Papa, sema hapo hapo mlangoni, usipande." Naye aliegemea ukuta, akaongea na kile kisanduku chenye vitundu, watu wakipita nyuma yake: "Maman, nilikudanganya. Sikujua, lakini nilikudanganya. Mwende kwa daktari." Wawili walikubali, akawasindikiza mpaka chumba cha kungojea. Wengine hakujua kamwe walifanya nini, na kutojua huko kulimtesa kuliko matusi.

Riziki aliamka tarehe 21 Desemba. Alikuwa na mpira kooni, hakuweza kusema. Nesi alimpa simu yake, naye akaandika neno moja kwa kidole kimoja: *mtoto?* Papa alimwonyesha picha. Riziki alimtazama Papa muda mrefu juu ya ile simu. Mtoto aliitwa Warda.

Hamadi alipata karatasi Agosti 2011. Papa alimngojea Gare du Nord, kwenye treni ya uwanja wa ndege, pamoja na Riziki na Warda. Hamadi alimkumbatia mkewe, akambeba mtoto, kisha akasimama mbele ya Papa. Nilidhani atampiga. Alimpa sanduku. "Shika hii, Papa. Mikono yangu imejaa." Wakaenda. Yale mazungumzo aliyoahidi hayakufanyika kamwe, au yalifanyika bila sisi.

Duka lilifungwa Juni 2013, kila mtu alipokuwa na simu ya kisasa mfukoni. Mwaka 2015 figo za Papa zilishindwa, na tangu hapo alikuwa mashineni, kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Hamadi ndiye aliyempeleka kila Jumatano kwa gari lake. WhatsApp ilimletea ujumbe wa kila aina, wa magonjwa, wa dawa, wa vita, na kila mara aliandika kwa aliyetuma: "Uliuliza nani?" Wengi walimwondoa kwenye makundi. Siku moja, damu yake ikizunguka ndani ya mipira, simu ilitetemeka kwenye shuka na nikaona mwili wake wote ukikakamaa. Nilimwambia, "Papa, ni mimi nilikutumia picha ya wajukuu." Alicheka kidogo. Kisha akasema, "Grippe ilipita, Keren. Mie ningali naogopa."

Mwezi Januari mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Aliomba kurudi nyumbani. Alifariki Ijumaa tarehe 16 Februari 2018, saa tatu na nusu asubuhi, nyumbani kwake Ixelles. Maman Victorine alikuwa akimsemesha sikioni. Madaktari wanasema kusikia ndiko kunakoondoka mwisho, na sauti ile alikuwa ameifuata tangu Kolwezi.

Ameacha mjane, Maman Victorine Mujinga, watoto watatu, Jean-Pierre, mimi Keren, na Océane, wajukuu watano, dada mmoja, Maman Bernadette wa Likasi, anayetufuata sasa hivi kwa simu aliyoishika Jean-Pierre. Familia imekubaliana, na Maman ndiye aliyeandika kwa mkono wake, kwamba majina matatu yaongezwe katika orodha hii: Hamadi, Riziki, ambaye hupanda ngazi polepole lakini hupanda, na Warda, miaka minane, aliyemwita Papa babu na hakuna aliyemsahihisha.

Papa, nimeisoma yote. Lala sasa. Bwana akupe usingizi usio na kitu cha kukushtua, na amani yake ikae nawe.