Kiapo cha Kila Asubuhi

Marlys alikuwa ndani ya basi la mji wa Toledo, Marekani, akienda shuleni alikoitwa kwa sababu binti yake alikataa kusimama kuiapia bendera, akatolewa darasani. Mzee aliyeketi karibu naye, mwenye kofia ya wanajeshi wastaafu, alikwisha kuisoma barua ya mwalimu iliyokuwa mapajani mwa Marlys bila kukaribishwa.

“Mama, bendera hiyo tumeimwagia damu! Mtoto gani huyo asiye na adabu?”

“Mliimwaga ili binti yangu atolewe darasani? Mahakama ya Juu ilikataza kuwalazimisha watoto tangu 1943!”

“Anayeipenda nchi haoni tabu kuiapia kila asubuhi.”

“Kwani wewe mkeo ulimwapia kila asubuhi?”

Abiria wakacheka. Mzee hakucheka.

“Mara moja,” alisema. “Ikatosha mpaka nilipomzika.”

Basi likafika shuleni. Mzee akavuta miguu ampishe, bila kumtazama.